Shali ya lesi yenye mawaridi ya kusimama, kwa kroshia mbili

Waridi la kroshia likilala kama chapati, wengi hukimbilia wanga. Wanga hukausha petali kwa siku chache tu. Shali ikishafuliwa mara moja, ua linarudi kulala pale pale. Kinachosimamisha ua ni mambo mawili: mahali singo za nyuma (mishono mifupi, inaelezwa chini) zinapokamata, na tofauti ya mkazo kati ya ua na wavu unaolizunguka. Ua likazwe, wavu ulegee. Mkono hauwezi kukumbuka kukaza na kulegeza mara kumi na kumi, kwa hiyo kazi hii ifanywe kwa kroshia mbili, yaani ndoano mbili za kufumia: ya milimita 2.5 kwa ua, ya milimita 3 kwa wavu. Usipofuata lolote jingine hapa, fuata hilo.

Shali inayoelezwa ni ya mstatili: miraba 4 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 56, kila mraba karibu sentimita 12. Ikishawambwa, yaani ikishalowekwa na kunyooshwa kwa pini mpaka ikauke, inafika kama sentimita 48 kwa 168, saizi ya kufunika mabega juu ya gauni la kitenge na ncha zikabaki za kuangukia mbele. Mawaridi yanakaa kwenye mistari mitatu ya kila ncha, yaani miraba 24. Mistari minane ya katikati, miraba 32, ni wavu mtupu. Kuna wanaojaza maua shali nzima, na kwenye picha inapendeza, lakini mvaaji akikaa kwenye kiti anayalalia maua ya mgongoni, na shali yenyewe inakuwa nzito kama blanketi. Ua liwe mahali linapoonekana.

Uzi

Kwa joto la Kigoma mjini na Ujiji, kando ya ziwa, pamba ndiyo inayovalika. Akriliki, ule uzi wa masweta unaouzwa kila mahali, inashika jasho kwenye mabega. Lakini kama shali inakwenda Kasulu au Buhigwe kwenye miinuko, au mvaaji atapanda nayo treni ya usiku kwenda Tabora mwezi wa sita au wa saba, akriliki inafaa zaidi na ni nyepesi. Kilicho kibaya ni kuchanganya vyote viwili ndani ya shali moja. Pamba na akriliki havinywei sawa wala havinyooki sawa, na miraba itaanza kuvutana baada ya kufua mara ya kwanza.

Mabonge mengi sokoni hayana lebo, au lebo inasema jambo moja na uzi unasema jingine. Kata kipande cha sentimita 10, kishike kwa koleo au kibanio juu ya sahani, kiwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha punje ngumu isiyosagika kwa vidole. Uzi uliochanganywa unafanya yote mawili.

Unene unaotakiwa ni ule ambao gramu 50 zinatoa kama mita 170. Mzito zaidi ya hapo utafanya petali ziwe kama masikio. Mwembamba zaidi unakubalika, ila mraba utapungua na utahitaji miraba mingi.

Sasa hesabu. Kwa uzi wa unene huo ua peke yake, mizunguko minne ya kwanza, linakula kama mita 7. Wavu wa mraba wenye ua unakula kama mita 8. Mraba mtupu unakula mita 8 na nusu hivi. Kwa hiyo mawaridi 24 yanataka mita 168, na ukiongeza mikia ya kukata, bonge moja la mita 170 litakuangusha ukiwa kwenye ua la mwisho au la kabla yake. Nunua mabonge 2 ya rangi ya ua. Wavu wote pamoja na ukingo unafika mita 560 au zaidi kidogo: mabonge 4. Nunua yote siku moja kutoka boksi moja, kwa maana nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao si nyeupe moja, na tofauti hiyo itaonekana juani hata kama dukani hukuiona.

Mkono wa kila mtu unakula uzi kwa kiasi chake. Kabla ya kununua mabonge yote, nunua la kwanza, fuma ua moja, kisha lifumue na upime uzi uliotoka. Ukizidi mita 8, ongeza bonge moja kwenye hesabu.

Rangi kali kama nyekundu, zambarau na bluu ya wino zijaribiwe kabla. Lowesha kipande kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, kibane ndani ya kitambaa cheupe kwa nusu saa. Kitambaa kikipata rangi, usiuweke uzi huo karibu na wavu mweupe. Chumvi na siki, ambazo wengi huziamini, hazizuii rangi ya kiwandani iliyokwisha kuamua kuchuja.

Vifaa vingine ni vichache: sindano butu ya tundu kubwa ya kufichia mikia, mkasi, futi ya fundi, na pini za kuwambia zisizoshika kutu. Weka pia vipande vya uzi wa rangi nyingine vya kuwa alama.

Majina ya mishono

Ruwaza zinazotembea kwenye simu zinachanganya watu kwa sababu moja: Uingereza na Marekani wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Dabo ya Uingereza ndiyo singo ya Marekani. Ukikuta ruwaza isiyosema imetoka wapi, tafuta neno singo ndani yake. Ikiwepo, ni ya Kimarekani. Hapa majina yanafuata Marekani.

Cheni ni kuvuta uzi kupita kitanzi kimoja kilicho juu ya kroshia. Kuunga ni kuingiza kroshia mahali ulipoambiwa, kuvuta uzi na kuupitisha moja kwa moja kwenye kitanzi kilicho juu, bila kuongeza urefu. Singo: ingiza, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili, zungusha uzi, vuta upite vyote viwili. Nusu dabo: zungusha uzi kwanza, ingiza, vuta, una vitanzi vitatu, zungusha, vuta upite vyote vitatu kwa pamoja. Dabo: anza kama nusu dabo, lakini ukifika kwenye vitanzi vitatu vuta upite viwili, zungusha tena, vuta upite viwili vilivyobaki. Ule mwili wa dabo unaosimama wima tutauita mguu, na ule mkia wa suka ulio juu yake ni kichwa.

Ua

Petali za ngazi mbili, moja nyuma ya nyingine, ni ufundi wa waridi la Ayalandi. Huko lesi ya kroshia ilienea miaka ya 1840, wakati wa njaa ya viazi, wanawake walipofuma ili wapate cha kuuza. Kuna wanaofuma ngazi tatu hata nne. Kwa kitambaa cha meza sawa. Kwa shali, mbili zinatosha.

Chukua kroshia ya 2.5 na rangi ya ua. Funga cheni 6 na uziunge ziwe pete. Ile pete ya kukaza kwa kuvuta mkia, inayopendwa kwenye video, haifai hapa: kwa uzi unaoteleza inafunguka baada ya kufuliwa mara kadhaa, na katikati ya waridi panabaki shimo la kupitisha kidole.

Mzunguko wa 1. Cheni 6. Tatu za kwanza zinahesabiwa kuwa dabo, tatu zilizobaki ni nafasi. Kisha, ndani ya pete: dabo 1, cheni 3, rudia mara 7. Unga kwenye cheni ya tatu ya zile 6 za mwanzo. Una miguu 8 na nafasi 8, mithili ya gurudumu la baiskeli. Hesabu sasa hivi. Kosa linaloongoza katika ua hili ni petali 7 au 9, na kila mara limetokea hapa, mtu aliposahau kwamba cheni za mwanzo nazo ni mguu. Fumia juu ya mkia wa mwanzo unapozunguka pete, ili usiwe na kazi ya kuuficha baadaye.

Mzunguko wa 2. Unga kuingia nafasi ya kwanza. Ndani ya kila nafasi weka: singo 1, nusu dabo 1, dabo 3, nusu dabo 1, singo 1. Hiyo ni petali moja. Zitoke 8. Unga kwenye singo ya kwanza. Hapa usiogope kukaza.

Mzunguko wa 3. Huu ndio mzunguko unaoamua kama ua litasimama. Zilaze petali zote kuelekea usoni kwako kwa kidole gumba na ufanye kazi nyuma yake. Utashika miguu ya dabo za mzunguko wa 1, siyo vichwa. Kroshia itoke nyuma kuja mbele upande wa kulia wa mguu, ipite mbele ya mguu, irudi nyuma upande wa kushoto. Mguu sasa uko nyuma ya kroshia. Fuma singo hapo. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze pande. Kisha cheni 5, singo nyingine kuzunguka mguu unaofuata, cheni 5, hadi urudi mwanzo. Vitoke vitanzi 8 vilivyofichwa nyuma ya petali. Mguu wa kwanza ni zile cheni 3 za mwanzo. Ni mwembamba kuliko wenzake, ushike wote, siyo uzi mmoja.

Ukiona singo zimejitokeza mbele kati ya petali kama meno, umeshika kichwa badala ya mguu. Ukiona petali za mbele zimevutwa zikakunjamana kuelekea katikati, cheni 5 zako ni fupi mno. Legeza cheni, usiongeze idadi.

Mzunguko wa 4. Ndani ya kila kitanzi cha cheni 5: singo 1, nusu dabo 1, dabo 5, nusu dabo 1, singo 1. Petali 8 tena, pana kuliko zile za kwanza. Unga, kata uzi ukiacha sentimita 15, vuta upite. Ua lililokamilika lina upana wa sentimita 5 hivi, na petali za chini zinajaa mpaka zinapandana. Ndivyo zinavyotakiwa. Mishono 72 imebanwa mahali pa mishono 40 au pungufu, na ni kubanwa huko kunakoziinua.

Wapo wanaopenda petali za chini zichungulie kati ya zile za juu badala ya kukaa nyuma yake moja kwa moja. Wafanye hivi: katika mzunguko wa 3, badala ya kushika miguu ya mzunguko wa 1, washike kutoka nyuma mguu wa dabo ya katikati ya kila petali. Ua linajaza duara vizuri zaidi, lakini halisimami sana. Kwa shali itakayoonekana kwa mbali, kwa mfano ukumbini kwenye harusi, njia ya kwanza ni bora.

Wavu

Badili kroshia, shika ya milimita 3. Badili na rangi kama wavu ni wa rangi nyingine.

Mzunguko wa 5. Nyuma ya ua tena. Sasa unazunguka miguu ya zile singo za mzunguko wa 3, zinazoonekana nyuma kati ya petali moja na nyingine. Mguu wa singo ni mfupi na haushikiki kirahisi; ukikusumbua, geuza kazi utazame mgongo wake na uingize kroshia chini ya nyuzi mbili zinazosimama wima. Singo, cheni 6, singo kwenye inayofuata, cheni 6, mpaka mwisho. Vitanzi 8.

Mzunguko wa 6. Hapa duara linageuka mraba. Unga kuingia kitanzi cha kwanza, cheni 3 zisimame badala ya dabo, ongeza dabo 2, cheni 3, dabo 3 kwenye kitanzi hicho hicho. Hiyo ni kona. Cheni 2. Dabo 3 kwenye kitanzi kinachofuata, hicho ni ubavu. Cheni 2. Endelea kona, ubavu, kona, ubavu. Kona 4 na mbavu 4, kati yake nafasi 8 za cheni 2. Unga kwenye cheni ya tatu ya mwanzo.

Mzunguko wa 7. Unga kupita juu ya dabo 2 hadi uingie nafasi ya kona. Singo 1, cheni 8, singo 1 hapo hapo. Cheni 6, singo kwenye nafasi ya cheni 2. Cheni 6, singo kwenye nafasi ya cheni 2 inayofuata. Cheni 6, kona nyingine. Kila upande uwe na vitanzi 3 kati ya kona na kona.

Mzunguko wa 8. Unga mara 2 juu ya cheni za kitanzi cha kona ili ufike ndani yake. Singo, cheni 8, singo hapo hapo. Kisha cheni 6 na singo kwenye kila kitanzi, hadi kona inayofuata. Sasa kila upande una vitanzi 4. Mraba wa kwanza malizia hivi; mingine yote itaungwa katika mzunguko huu.

Mraba wako usiowambwa utaonekana umekunjamana pembeni na vitanzi vinaning'inia ovyo. Uache. Wavu uliotulia sawasawa kabla ya kuwambwa ni wavu uliokazwa mno, na ukiuwamba utalivuta ua mpaka lilale. Lakini ukiulaza mezani na ukapindapinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa, hapo pana kosa la hesabu, na mara nyingi ni kitanzi kilichorukwa mzunguko wa 7.

Mraba mtupu

Fuma pete na mzunguko wa 1 kama kawaida, kwa rangi ya wavu na kroshia ya 2.5. Ruka mizunguko ya 2 hadi 5. Chukua kroshia ya 3, weka singo juu ya kichwa cha kila dabo na cheni 6 kati yake, upate vitanzi 8, kisha endelea na mzunguko wa 6, 7 na 8.

Pima mraba mtupu juu ya ule wenye ua kabla hujafuma 31 iliyobaki. Ukizidi kwa nusu sentimita, punguza zile cheni 6 za kwanza ziwe 5. Nusu sentimita ni ndogo machoni, lakini kwa mistari minane ya katikati inakuwa sentimita 4, na shali itajaa tumbo katikati.

Kuunga miraba

Kushona miraba kwa sindano kunaacha mshipa mgumu kila mahali miraba inapokutana, na katika lesi mshipa huo unaonekana kama mshono wa gunia. Unga unapofuma, ndani ya mzunguko wa 8.

Mraba wa pili ukifika kwenye upande wa kuungwa, ushike na ule wa kwanza migongo ikitazamana. Kwenye kona: singo kwenye kona yako, cheni 4, singo ndani ya kitanzi cha kona cha jirani, cheni 4, singo kwenye kona yako ile ile. Kwenye ubavu: cheni 3, singo ndani ya kitanzi cha jirani kinachoelekeana, cheni 3, singo kwenye kitanzi chako kinachofuata. Fanya hivyo mara 4, umalizie na kona kama ulivyoanza. Kila upande una viungo 6: kona 2 na vitanzi 4. Vikitoka 5, umeruka kimoja cha jirani, na usijidanganye kwamba hakitaonekana.

Nenda mstari kwa mstari kwa upana: miraba 4, kisha 4 inayofuata chini yake. Kuanzia mstari wa pili kuna miraba inayoungwa pande mbili, na kuna mahali kona nne zinakutana. Hapo usiingize kroshia kwenye kitanzi cha jirani. Ingiza ndani ya singo ya kiungo cha kwanza kilichokwisha kufumwa, ili kona zote nne zishikwe na nukta moja. Usipofanya hivyo, katikati ya kona nne panabaki tundu linalopanuka kila shali inapovaliwa, na pete au kipuli kikinasa hapo, kazi imekwisha.

Mikia ni mingi: miwili kwa kila mraba mtupu, minne kwa kila wenye rangi mbili, jumla 160. Ifiche kila unapomaliza mstari, usiilimbikize hadi mwisho, maana hakuna aliyewahi kuketi na mikia 160 akabaki na subira ya kuificha vizuri. Pitisha sindano ndani ya dabo za mzunguko wa 6 kwa sentimita 4, rudi kinyume kwa sentimita 2, ndipo ukate. Mkia usifichwe ndani ya cheni za wavu. Utachomoka, na kabla ya kuchomoka utaonekana.

Ukingo

Zunguka shali yote kwa kroshia ya 3. Mzunguko wa kwanza: singo kwenye kila kitanzi cha nje, cheni 6 kati yake, na penye kiungo cha miraba miwili singo moja juu ya kiungo. Kwenye kona nne za shali weka singo, cheni 8, singo. Mzunguko wa pili: ndani ya kila kitanzi singo 3, cheni 3, unga kwenye singo ya tatu ili zijikunje kuwa kijipembe, singo 3. Ukingo ukikaza, shali yote inakuwa kama mfuko uliovutwa kamba. Ukihisi hivyo mapema, panda hadi kroshia ya 3.5 kwa mizunguko hii miwili tu.

Kuwamba

Shali isiyowambwa ni nusu ya kazi. Iloweke maji ya vuguvugu dakika 20, ikamue kwa kuibana ndani ya taulo, usiisokote. Tandika godoro la sponji chini, juu yake shuka jeupe la zamani. Usitandike kanga wala kitenge kipya: vinachuja, na alama zake kwenye pamba mbichi hazitoki. Piga pini kona nne kwanza kwa vipimo vya sentimita 48 kwa 168, halafu katikati ya kila upande, kisha kila kijipembe cha ukingo. Pini za kawaida za chuma zinaacha madoa ya kutu, na hewa ya kando ya ziwa wakati wa mvua inayaharakisha. Huna pini nzuri? Tumia vijiti vya meno.

Kisha mawaridi. Shali ikiwa bado mbichi, pitia kila ua: inua petali za juu kwa kidole, chomeka chini yake kijipande cha pamba kilichokunjwa, ukubwa wa punje ya njugu mawe, na uzivute petali za chini zitokeze nje. Ni kazi ya nusu saa inayobadilisha shali kuliko wanga wowote. Toa vijipamba ikikauka kabisa.

Ukitaka ugumu kidogo kwa siku ya shughuli, koroga kijiko kimoja cha chai cha wanga wa muhogo uliochujwa katika maji baridi kidogo, mimina robo lita ya maji yanayochemka huku ukikoroga, subiri upoe, upake kwa brashi nyuma ya petali tu. Maji ya sukari yanafanya kazi hiyo pia, na yanaita sisimizi.

Akriliki haikumbuki umbo kwa maji peke yake. Inahitaji mvuke: shika pasi ya mvuke sentimita 3 juu ya wavu bila kugusa, na usiupitishe kabisa juu ya mawaridi. Joto likizidi, akriliki inalegea moja kwa moja na petali haziinuki tena maisha. Pasi ya mkaa iache kwa mashati. Cheche moja inatoboa wavu kabla hujaipuliza.

Matunzo, na kitanzi kilichokatika

Isikauke ikiwa imetundikwa kwenye kamba. Pamba ikilowa inakuwa nzito, inajivuta kwenda chini, na mraba wa sentimita 12 unageuka wa 14 kwa urefu na 10 kwa upana. Ilaze.

Tone la mawese likidondoka, usisugue. Nyunyizia unga mkavu wa muhogo unyonye mafuta kwa saa moja, pangusa, kisha osha kwa sabuni ya mche na maji ya vuguvugu. Njano inayobaki kwenye pamba nyeupe hufifishwa na jua. Ianike ikiwa na unyevu, upande wa doa ukielekea juu. Kwa rangi usifanye hivyo, jua litafifisha na rangi.

Kuhifadhi: ikunje ndani ya shuka la pamba, siyo mfuko wa nailoni, ambao wakati wa mvua unafuga ukungu. Maua yatazame juu, na kisiwekwe kitu juu yake.

Kitanzi cha wavu kikikatika, usivute ncha. Zishike zote mbili kwa alama za uzi wa rangi, fumua kila upande hadi kwenye singo iliyo karibu, uache kama sentimita 3 za kufichia. Ingiza uzi mpya kwenye singo ya kulia, fuma cheni 6 (au 3, singo ya kiungo, 3), unga kwenye singo ya kushoto, na upeleke mikia yote minne kwenye dabo za mzunguko wa 6.